Mraba Mwekundu wa Munigi

Kwenye ramani ya ofisi yetu, mama yangu alikuwa mtalii. Nimejaribu miaka mingi kuligeuza jambo hili kuwa mzaha, halikubali. Alikuwa mkimbizi, amekaa chini ya turubai juu ya mawe meusi ya Munigi, kando ya mji wetu, goti limevimba, mwanawe wa mwisho hajulikani alipo. Na programu niliyoiendesha mimi, kwa vidole hivi hivi, ikamhesabu kuwa mtu aliyekuja kupumzika na kutazama volkano.

Nilikuwa nimesomea kompyuta hapa hapa Goma. Baada ya diploma nikakaa miezi mingi kwenye kibanda cha fotokopi nikichapa barua za watu, hadi ofisi ya mradi mmoja iliyopanga nyumba karibu na ziwa iliponichukua. Mradi ulitaka kujua ni watu wangapi huja kutembea na kustarehe katika maeneo ya asili ya kwetu: mlima wa moto, msitu, ufuo, nyanda za lava. Hakuna aliyekuwa na hesabu hiyo. Mahali pengi hapakuwa na daftari la wageni, na pale lilipokuwapo liliungua katika vita hivi au vile. Kwa hiyo tukaletewa programu.

Programu ile ilikuwa na akili ya namna yake. Unaigawa ramani katika miraba midogo. Kwa kila mraba inakwenda kutafuta mtandaoni picha ambazo watu wameziweka hadharani, zile ambazo simu imezibandika alama ya mahali zilipopigiwa. Mtu mmoja akipiga picha mahali pamoja katika siku moja, hiyo ni ziara moja, awe amepiga picha moja au mia. Kisha inatazama kilicho jirani, barabara, maji, msitu, hoteli, na mwishoni inakuambia: ukichonga njia ya miguu hapa, ukijenga mahali pa kutazamia pale, wageni wataongezeka kiasi hiki. Mraba usio na mtu unabaki mweupe. Wenye watu wengi unawaka mwekundu. Huko ilikotungwa nadhani inafanya kazi vizuri, maana huko anayepiga picha porini ni mtu aliyeshiba, yuko likizoni, na anajua jioni atarudi kulala wapi.

Shefu wetu, mkuu wa ofisi, alikuwa mwanaume wa makamo, mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ambazo mizinga ilisikika toka vilimani. Mwanzoni kabisa alinituma Kituku, ufuoni mwa ziwa, kwenda kuijaribu programu kwa kuhesabu watu kwa macho. Nilisimama pale asubuhi nzima na kalamu. Wachota maji, wanunuzi wa samaki, waogeleaji, familia nzima iliyotoka misani na kuketi kwenye mawe kula sambaza, visamaki vya ziwani, vya kukaanga huku wakicheka. Nikajaza kurasa. Niliporudi ofisini nikaufungua mraba wa Kituku, nikaukuta karibu mweupe. Hakuna aliyepiga picha akaiweka mtandaoni, basi hakuna aliyekuwapo. Nilipomwonyesha shefu alicheka, akasema kila mashine ina upofu wake, muhimu ni kuujua. Naliandika neno hilo hapa ili ijulikane kwamba aliujua, na mimi pia niliujua.

Kisha vita vikashuka toka kaskazini. Kijiji chetu kiko huko juu, kwenye njia ya magari ya maharage, na kilikimbia chote kwa asubuhi moja. Mama aliondoka na majirani, akiwa na sufuria na kitenge cha kujifunika. Mdogo wangu, mwanaume mzima anayejipatia riziki kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao inayobeba magunia, alikuwa ameshuka na mzigo kwenye soko la kijiji cha pili. Watu wa soko walikimbilia upande wao, watu wa nyumbani upande wao. Simu yake ilizimika siku ile na haikuwaka tena.

Mama alifika Munigi kwa miguu. Nilipopata habari nilikodi pikipiki mbili, moja yangu na moja ya kumleta yeye Mapendo, mtaa wa mjini ambako nilikuwa nimepanga vyumba viwili. Nilimkuta amekwisha pewa turubai, anapanga mawe kuzuia upepo. Alinisalimia, akanishukuru kwa pikipiki, akakataa kupanda.

Sababu yake ilikuwa ya watu wetu. Kijiji kikikimbia, hakitawanyiki kikifika. Kinajipanga tena kama kilivyokuwa, jirani kando ya jirani, hata kama nyumba sasa ni plastiki. Anayemtafuta mtu hamuulizii mtu. Anaulizia kijiji, akifikishwa hapo atamkuta wake. Mwanamke anayeondoka kwenda kukaa mjini kwa binti yake amejiondoa mwenyewe kwenye njia ya kupatikana. Na mdogo wangu hakuwahi kukanyaga kwangu, kwa kuwa nilihamia Mapendo mwaka ule ule.

"Mutoto wangu akifika, ataulizia watu ya kwetu," mama akaniambia. "Mapendo anaijua nani?"

Nikazirudisha pikipiki zote mbili, moja haina mtu.

Mwalimu wa kijiji alikuwa na simu nzuri, akafungua ukurasa mtandaoni wenye jina la kijiji. Kila aliyefika alipigwa picha akiwa ameshika kipande cha katoni kilichoandikwa kwa mkaa alikotoka. Mwalimu alikuwa mkali kwa jambo moja: alama ya mahali isizimwe, na picha iachwe wazi kwa kila mtu, ili ndugu yeyote akiwa na simu ya kuazima aweze kuifuata hadi kwenye jiwe lenyewe. Vijiji vingine vikaiga. Waliokuwa na simu zao walipiga wenyewe, leo, kesho, kila mara mtu mpya alipofika na kila mara walipoogopa kwamba wamesahauliwa. Nami nilipiga. Karibu kila Jumapili nilipanda Munigi na unga na chumvi, nikampiga mama picha, nikaiweka hadharani, ili mdogo wangu popote alipo ajue bado yupo.

Msomaji ameshaelewa. Mimi, mwenye diploma, nilichelewa kuelewa hadi siku niliyobonyeza kitufe na ramani ya mwaka ule ikajichora. Msitu ulikuwa mweupe. Mlima ulikuwa mweupe, nani angeupanda? Ufuo ulikuwa na manjano kidogo. Na juu ya mji, Munigi, kwenye mawe yale, mraba mmoja ulikuwa mwekundu kuliko wote tuliowahi kuuona. Programu ilisema hapo ndipo mahali panapopendwa zaidi na wageni katika eneo letu lote.

Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Halafu nikafanya kazi yangu. Nilizifungua picha zile moja moja. Bibi na katoni. Baba na watoto watatu na katoni. Waandishi wa habari nao walikuwamo, wanaopiga picha za njaa ya watu. Mama yangu alikuwamo, Jumapili baada ya Jumapili, na aliyezipiga ni mimi: kila Jumapili, ziara moja. Nikaziondoa zote za kambi, nikaiendesha upya programu, na mraba ukawa mweupe kama mingine. Nikaenda kwa shefu na ramani mbili mkononi.

Alizitazama muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo, kwa sababu ningempata mtu mbaya ningekuwa na wa kumtupia lawama. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema mama yangu mwenyewe yumo humo. Akavua miwani.

"Mama, wafadhili wamechoka kusikia vita," akasema. "Mara hii tuko na kitu kimoja kizuri ya kuwaonyesha. Tupeleke ile nyekundu. Uweke note kwa annexe, inatosha."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kutuma ramani nyeupe na kudai nimekosea faili. Nilijiambia ni ramani tu, karatasi, haitamwondoa mtu chini ya turubai. Nilijiambia pia kwamba kazi kama ile Goma haiokotwi barabarani. Nilikuwa mwoga, na woga wa mtu aliyesoma una maneno mengi mazuri. Niliandika sentensi moja kwa Kifaransa mwishoni kabisa mwa ripoti, kwenye kurasa za kiambatisho ambazo hata aliyezipiga chapa hakuzisoma, kwamba sehemu ya picha za Munigi huenda inatokana na uwepo wa watu waliohamishwa na vita. Huenda. Neno hilo nililichagua mwenyewe.

Ripoti ilisomwa katika ukumbi wa hoteli. Mimi ndiye niliyekuwa nasogeza kurasa ukutani. Mgeni mmoja mtaalamu, aliyeshuka kwa ndege siku ile na kuondoka kesho yake, alisimama mbele ya mraba mwekundu akafurahi kweli. Alisema watu wa leo hawatafuti tena wanyama tu, wanatafuta mandhari ghafi, na lava ile ni utajiri uliolala. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi, maana nilikuwa mbele na wote walikuwa wananitazama.

Miezi michache baadaye mafundi wenye jaketi za kung'aa walifika Munigi wakaweka rangi kwenye mawe. Patakuwa na njia ya miguu, mahali pa kutazamia mlima, na sehemu ya kuegesha magari. Watu wa pale watapelekwa mahali salama zaidi. Sikuwahi kuwaona wakubwa walioamua hayo, na wao hawakuwahi kumwona mama yangu, labda kwa ile rangi nyekundu ya ramani tu.

Malori yalikuja siku moja. Hayakupakia watu kijiji kwa kijiji. Lori lilipojaa liliondoka, na lililofuata lilipelekwa kwingine. Jirani aliyekuwa amekaa kando ya mama tangu ujana wao alipandishwa la kwanza. Mwalimu alipandishwa la tatu, na kwenye msongamano ule simu yake ikaibwa, ukurasa wa kijiji ukabaki hauna mwenyewe. Nilipofika mama alikuwa ameketi juu ya furushi lake, katikati ya mawe yaliyokwisha vuliwa turubai, anabishana na mwanaume mwenye orodha.

"Hapa njo adresi yangu," alikuwa anamwambia. "Munanipeleka wapi, na mutoto hajafika?"

Nilimshika mkono nikamleta Mapendo. Hakunilaumu, alidhani nami nimeshtukizwa kama yeye. Njiani alinisifu kwamba angalau ana binti wa ofisi anayejua kuongea na watu wale. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi tulikuwa tumepanda pikipiki moja, mikono yake imeshika kiuno changu.

Tangu siku ile aliishi kwangu kama mtu anayesubiri gari. Alfajiri alijifunga kitenge, akapanda kwa miguu hadi Munigi, akaketi kando ya barabara mbele ya pale palipokuwa na turubai za kijiji chetu. Mlinzi alimzoea. Kilikuwa kimejengwa kibanda, na ubao wenye picha ya mzungu mwenye mkoba mgongoni akinyoosha kidole kuelekea mlimani. Mama aliniuliza yule ni nani. Nikamwambia ni mgeni. Akauliza mbona wageni hawaji. Kwa kweli hawakuja. Vita vilikuwa vimekaribia zaidi, barabara zilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa kuku, na njia ile ya miguu iliota majani. Mama alipanda kila siku mpaka goti lilipokataa. Wiki moja hakuweza hata kusimama, nikamkanda kwa maji ya moto na kumwambia kwamba mtoto, kama angekuja, angekuwa ameshakuja. Nililisema kwa huruma.

Baada ya wiki hiyo shefu alinituma Munigi kuchukua daftari la wageni. Programu ilikuwa inadai hesabu ya kweli ya kulinganishia, na pale, tofauti na zamani, tulikuwa tumeweka daftari, na amri kwamba hakuna anayekanyaga bila kuandikwa. Lilikuwa daftari zuri, limepigwa chapa: tarehe, jina, unakotoka, sababu ya ziara. Sababu zilikuwa zimeandikwa tayari ili mtu atie alama tu. Kutembea. Kutazama volkano. Pikiniki. Mengineyo. Ukurasa wa kwanza ulijaa saini za wakubwa wa siku ya ufunguzi. Baada ya hapo majina machache ya watu wa mradi. Kisha kurasa tupu ambamo mlinzi alikuwa akiandika tarehe tu.

Halafu jina la mdogo wangu.

Alikuwa ameliandika kwa kukandamiza kalamu, herufi kubwa, kama alivyoandika namba za magunia. Unakotoka: kijiji chetu. Alama ilikuwa kwenye mengineyo, na pembeni, nje ya mstari, ameongeza: kutafuta mama.

Mlinzi, muzee mwenye adabu, alinieleza bila kujua anamweleza nani. Kijana wa watu alifika Jumatano ya wiki iliyopita, mguu mmoja una kiatu na mwingine una kandambili. Alisema kuna mtu upande wa Sake alimwonyesha picha ya mama yake ameketi kwenye mawe haya haya. Mlinzi alimwambia yule mama ni kweli anakuja kila asubuhi, mwenye goti, ila wiki hii hajaonekana. Kijana akamsubiri. Alikaa siku ya kwanza, akakaa ya pili. Mlinzi hakujua mama anaishi wapi, hakuwahi kumuuliza. Siku ya tatu dereva mmoja alisema watu wa kijiji kile wengine walivushwa ziwa, na mdogo wangu akashuka Kituku kutafuta mtumbwi.

Nilishuka Kituku na daftari kifuani. Nilimwulizia hadi sauti ikaisha. Mitumbwi huondoka kila siku, watu wa viatu visivyolingana ni wengi, na hakuna aliyekumbuka. Niliuliza kuhusu ng'ambo, nikatuma maneno kwa wachuuzi wa samaki, kwa mapadri, kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Nimeendelea kuuliza hadi hii leo.

Ofisini shefu alisubiri hesabu. Sikumweleza kwa kirefu, nilimwonyesha mstari ule tu. Akaniambia pole, pole ya kweli, kisha akasema kwamba kwa ajili ya hesabu, mtu aliyesaini ni ziara. Programu haikuwa na safu ya mengineyo. Nikaketi, nikamwingiza mdogo wangu, moja. Alikuwa mtu wa kwanza kufika pale ambaye hakutumwa na sisi. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kwangu kuifungua programu ile, lakini sidai sifa, maana niliacha baada ya kumwingiza, si kabla.

Jumapili ile baada ya misa nilimweleza mama yote. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Nilianza na daftari, kisha Kituku, kisha nikarudi nyuma: mraba, picha zangu za kila Jumapili, ramani mbili, sentensi ya Kifaransa, makofi ya hotelini. Nilimweleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, ili nisije nikajificha ndani ya maneno. Mkono wake uliendelea kutupa mawe na maharage mabovu pembeni. Aliniuliza maswali mawili tu. Kama mwanawe alikonda. Nikasema sijui, mlinzi hakusema. Na kama nilijua, siku nilipompandisha pikipiki toka Munigi, kwamba kazi ile ni yangu. Nikasema nilijua.

Alimaliza ungo wake. Akayamimina maharage kwenye sufuria yangu, akafunika. Kisha akaingia chumbani, akafunga furushi, akasema anakwenda kukaa kambini kwa yule jirani yake wa ujana, kule malori yalikomtupa, kwa sababu huko angalau mtu akiulizia kijiji atakuta watu wawili. Nilimsihi. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijalifanya mbele ya mtu mwingine. Nilimwambia nitampeleka mwenyewe, akasema goti litatosha.

Kambini wanawake wa ofisi wana jina wanaloitwa na kila mtu, vijana kwa wazee, na nimeitwa hivyo mara nyingi nikiwa na karatasi zangu mkononi. Mama hakuwahi kuniita hivyo. Mlangoni alijitwika furushi, akalisawazisha, akainamisha kichwa kidogo kwangu kama mtu aliyehudumiwa kwenye dirisha la ofisi.

"Asante, madame," akasema, akaondoka.